Kivinjari Kikiganda Wakati wa Kuchapa: Usibonyeze Mara ya Pili

*Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Masanze, Wilaya ya Kilosa, kuhusu haki na wajibu wa mtumiaji wa huduma za kompyuta katika maduka ya steshenari*

   

Tumekuja kuzungumzia jambo ambalo kwa sura ni dogo, yaani kompyuta ya dukani inayoganda pale inapotakiwa kutoa karatasi. Mteja yuko mbele ya mhudumu, ukurasa unaonekana vizuri kwenye kioo, mhudumu anabofya amri ya kuchapa, au kuprinti kama wengi wetu tusemavyo, na ghafla kila kitu kinasimama. Kioo kinafifia. Kipanya kinasogea lakini hakuna kinachoitikia. Mhudumu anabonyeza tena, na tena, kisha anazima kompyuta kwa kitufe cha umeme.

Huenda mtu akauliza inakuwaje Mamlaka ya Serikali ihangaike na printa iliyokwama. Jibu letu ni kwamba hasara inayofuata humwangukia mtumiaji, na mara nyingi hasara hiyo ingeweza kuepukwa.

Kinachoweza kupotea

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Maombi hufanyika kwa mtandao katika mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Lakini safari haiishii mtandaoni. Fomu huchapwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha kurasa zilizosainiwa hurudishwa katika mfumo kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo karatasi ni daraja la lazima. Karatasi isipotoka, mtendaji wa kijiji hana cha kusaini, na siku ya mwisho ya maombi haimngoji mtu.

Kijana huyu amepanda bodaboda hadi Kilosa mjini, au ameteremka kwa gari hadi Mikumi. Amelipa nauli na amelipia huduma ya kujaziwa fomu. Kivinjari kinapoganda, anaweza kufanya makosa matatu. Kosa la kwanza ni kuamini kuwa maombi yake yamepotea, akaanza upya na kutengeneza namba nyingine ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontroli namba, akalipa mara mbili. Kosa la pili ni kuruhusu amri ya kuchapa ibonyezwe mara tano, kisha akadaiwa nakala tano. Kosa la tatu, ambalo halionekani kabisa, ni kuondoka dukani huku nyaraka zake zikiwa bado katika foleni ya printa. Printa ikizinduka jioni, cheti chake cha kuzaliwa kinatoka mbele ya mteja mwingine asiyemjua.

Kwa hiyo neno letu kuu la leo ni hili: kuganda si kupotea. Maombi ni kitu kimoja, waraka ni kitu cha pili, na kuchapa ni kitu cha tatu. Cha tatu kikikwama, viwili vya kwanza havijaguswa. Anayeitambua tofauti hiyo hatalipa mara mbili wala hataondoka kabla ya kazi kuisha.

Linux na sababu ya kuikuta dukani

Baadhi ya kompyuta katika maduka yetu, hasa zile zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, zinaendeshwa na mfumo uitwao Linux. Kiini cha mfumo huo kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Mwenye duka haulipii leseni, unaweza kufanya kazi kwenye mashine ya zamani, na hausumbuliwi sana na virusi vinavyosambazwa kwa flashi. Mojawapo ya matoleo yake yanayojulikana zaidi, Ubuntu, lilitoka mwaka 2004 likiwa na jina la Kibantu ambalo Mswahili halimpi shida, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao kutoka Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa hiyo programu za namna hii si ngeni nchini mwetu, na mteja asiogope akiikuta Linux dukani.

Hata hivyo, kila mfumo una tabia zake. Katika Linux, kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia tovuti, hakizungumzi na printa moja kwa moja. Kazi ya kuchapa husimamiwa na programu nyingine ya ndani iitwayo CUPS. Mhudumu anapobofya amri ya kuchapa, kivinjari huiuliza CUPS maswali: printa zipo ngapi, ipi ni ya kawaida, zinapokea karatasi za ukubwa gani, zinachapa rangi au nyeusi tu. Majibu yakija, kisanduku cha kuchapa kinafunguka. Majibu yasipokuja, kivinjari kinaweza kukaa kikingoja, na kungoja huko ndiko sisi tunakokuita kuganda.

Mfikirieni karani wa kijiji anayeita majina kwa kufuata orodha ya zamani. Akifika kwenye jina la mtu aliyekwisha kuhama, anasimama akingoja aitikiwe, na watu wote walio nyuma yake wanangoja pamoja naye. Karani si mgonjwa. Orodha yake ndiyo mbovu.

Orodha huharibika kwa njia za kawaida kabisa. Printa ya zamani iliuzwa lakini jina lake halikufutwa. Printa inatumia mtandao wa ndani wa duka, lakini leo bando la ruta limekwisha na kompyuta imeunganishwa na simu ya mwenye duka. Mashine imehamia mtandao mwingine, na printa haionekani tena. Au umeme ulikatika, ukarudi, na printa haikuwashwa. Katika hali zote hizo kivinjari kinaweza kumwita mtu asiyekuwepo.

Dakika kumi za kwanza

Kikiganda, fuateni utaratibu huu.

Kwanza, msibonyeze tena. Kila ombi la kuchapa linalofika katika foleni huhesabiwa kuwa kazi mpya. Hesabu hiyo hamtaiona sasa; mtaiona printa itakapozinduka.

Pili, ngojeni dakika moja au mbili. Mfumo ukileta ujumbe unaouliza kama mngoje au mfunge programu kwa nguvu, chagueni kwanza neno Wait, yaani ngoja. Mara nyingi muda wa kuisubiri printa isiyokuwepo una kikomo chake, na kivinjari hurejea chenyewe. Tumieni dakika hizo kuangalia kama printa imewashwa, ina karatasi, na waya wake umekaa sawa.

Tatu, kikirejea, msichape moja kwa moja. Hifadhini kwanza. Katika kisanduku cha kuchapa, mahali pa kuchagua printa, Firefox ina chaguo liitwalo Save to PDF, na Chrome ina chaguo liitwalo Save as PDF. Chaguo hilo halitoi karatasi. Linautunza waraka kama faili ambalo mnaweza kulibeba kwenye flashi au kulituma kwenye simu yenu wenyewe. Faili la PDF likishakuwa mkononi mwenu, mna uhuru wa kulichapa katika duka lolote, Kilosa, Mikumi au Morogoro mjini, bila kuingia tena kwenye akaunti yenu. Mifumo mingi pia ina kitufe chake cha kupakua fomu au cheti. Kikiwepo, kitumieni hicho kwanza, hata kabla ya kufikiria kuchapa.

Nne, kisiporejea, fungeni kivinjari kwa nguvu bila kuzima kompyuta nzima. Mkikifungua tena, kinaweza kuuliza kama kitume upya taarifa zilizojazwa. Kataeni. Kukubali kunaweza kuwasilisha ombi lilelile mara ya pili. Ingieni upya kwenye akaunti kwa njia ya kawaida, kisha tazameni maombi yamefika hatua gani.

Tano, kuhusu malipo, msitengeneze namba nyingine ya malipo kabla ya kuhakikisha hali ya ile ya kwanza. Someni ujumbe wa simu kutoka kwa mtandao mliolipia. Tazameni ukurasa wa malipo ndani ya mfumo. Ujumbe huo msiufute mpaka shughuli nzima iishe, kwa kuwa ndio ushahidi wenu.

Kwa wenye maduka: kutafuta chanzo

Sasa tuzungumze na ndugu zetu wenye maduka na wahudumu wao. Uaminifu wa duka hujengwa kwa mashine inayofanya kazi, na marekebisho mengi hapa hayahitaji fedha.

Anzeni kwa jaribio moja. Fungueni waraka wowote katika programu nyingine, kwa mfano LibreOffice, kisha jaribuni kuchapa. Jaribio hilo linagawa tatizo katika njia mbili.

Ikiwa programu hiyo nayo inaganda, kivinjari hakina hatia. Tatizo liko katika CUPS au katika printa. Fungueni kivinjari na kuandika katika sehemu ya anwani localhost:631. Ukurasa utakaofunguka hautoki kwenye intaneti; ni ukurasa wa CUPS uliomo ndani ya kompyuta yenu, nao hauhitaji bando. Ingieni sehemu ya Printers. Futeni kila printa ambayo haipo tena dukani. Ile mnayoitumia kila siku ifanyeni kuwa ya kawaida. Kama imeandikwa kuwa imesimamishwa, iruhusuni iendelee. Mfumo unaweza kudai jina na nenosiri la msimamizi wa kompyuta kabla ya kukubali mabadiliko, nalo ni jambo jema.

Wanaoweza kutumia dirisha la amri watumie amri lpstat -t ili kuona printa zote na kazi zilizomo katika foleni. Amri cancel -a hufuta kazi zinazongoja. Amri sudo systemctl restart cups huanzisha upya programu ya kuchapa bila kuzima kompyuta. Iwapo duka lina printa moja tu iliyosajiliwa na kuunganishwa kwa waya, mwombeni fundi achunguze programu iitwayo cups-browsed, ambayo kazi yake ni kutafuta printa za mtandaoni na kuziongeza katika orodha. Mahali pasipo printa ya mtandao, programu hiyo inaweza kuzimwa.

Ikiwa LibreOffice inachapa vizuri na kivinjari pekee ndicho kinachoganda, geukeni upande wa kivinjari. Huenda kimehifadhi mipangilio ya printa ya zamani. Katika Firefox, andikeni about:support sehemu ya anwani, teremkeni hadi sehemu inayohusu uchapaji, kisha bofyeni kitufe cha Clear saved print settings. Jaribuni pia kukifungua kivinjari katika hali ya utatuzi iliyomo kwenye orodha ya msaada, inayozima viongezo. Kikichapa vizuri katika hali hiyo, kiongezo kimojawapo ndicho chanzo. Katika Chrome, kubonyeza Ctrl, Shift na P kwa pamoja hufungua kisanduku cha kuchapa cha mfumo wenyewe badala ya kile cha kivinjari, na wakati mwingine njia hiyo hupita pale nyingine iliposhindwa.

Ipo pia sababu ya tatu, ambayo ni uzito. Ukurasa mrefu wenye picha nyingi huilazimisha kompyuta yenye kumbukumbu ndogo kuandaa kurasa zote za onyesho kabla ya kutoa hata moja. Hapo hakuna ubovu. Fungeni vichupo vingine, funga na muziki unaopigwa nyuma, mpeni mashine nafasi. Na kila mpatapo intaneti ya kutosha, sasisheni mfumo na kivinjari, kwa sababu baadhi ya kasoro hizi hurekebishwa katika matoleo mapya.

Kabla ya kutoka mlangoni

Ndugu wananchi, tumesema kuwa kosa la tatu halionekani. Tulieleze zaidi, maana hapa ndipo penye uzito.

Nyaraka mnazochapa si karatasi tupu. Zina majina kamili, tarehe za kuzaliwa, namba za kitambulisho cha Taifa, namba za simu, sahihi za wadhamini. Kazi iliyokwama katika foleni inaendelea kuwepo baada ya mteja kuondoka. Zaidi ya hapo, kwa mpangilio wake wa kawaida, CUPS inaweza kutunza faili za kazi iliyokwisha kuchapwa kwa muda wa siku moja, na katika muda huo kazi hiyo inaweza kuchapwa upya. Halikuwekwa kwa nia mbaya. Lengo ni kurahisisha kurudia nakala iliyoharibika. Lakini katika duka linalohudumia watu wengi kwa kompyuta moja, urahisi huo unaweza kumfikisha mtu asiyehusika kwenye siri za mwenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka mlangoni, mteja amwombe mhudumu mambo manne, kwa adabu na bila haya. Foleni ya printa ifunguliwe na kazi zote za mteja zifutwe. Amri cancel -a -x huondoa pamoja na faili zilizotunzwa, ingawa hufuta kazi za kila mtu, hivyo itumike pale ambapo hakuna mteja mwingine anayengoja nakala. Faili la PDF lililohifadhiwa kwenye kompyuta lifutwe, na kapu la taka limwagwe. Akaunti ifungwe, na nenosiri lisihifadhiwe kwenye kivinjari. Karatasi zilizotoka vibaya apewe mteja mwenyewe, wala zisigeuzwe kuwa za kufungia bidhaa.

Maombi haya hayamdharau mhudumu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuisimamia. Anayezipokea taarifa za mtu kwa ajili ya kazi fulani anapaswa kuzitumia kwa kazi hiyo na kuzilinda. Mwenye duka anayefuta foleni mbele ya mteja anajilinda yeye mwenyewe pia.

Kuhusu gharama, pataneni bei kabla ya kazi kuanza: kwa ukurasa ni kiasi gani, na nani anabeba gharama ya karatasi zilizotoka kwa sababu mashine ilikwama. Ushauri wetu kwa wenye maduka ni kwamba nakala ambazo mteja hakuziomba asitozwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na bei inayobadilika baada ya huduma huleta ugomvi usio na tija. Ombeni risiti. Mkiwa na malalamiko, anzeni kwa mwenye duka mwenyewe, mkieleza tarehe, saa, huduma mliyolipia na kilichotokea. Malalamiko yaliyoandikwa vizuri husikilizwa haraka zaidi.

Tunahitimisha kwa kurudi kwa kijana wetu. Safari hii, kivinjari kinapoganda, anamwomba mhudumu asibonyeze tena. Wanangoja. Kikirejea, wanahifadhi fomu kama PDF, anaituma kwenye simu yake, na foleni inasafishwa. Hata printa ya duka lile ikikataa kabisa siku hiyo, anatoka akiwa na waraka wake wote, malipo yake ni yaleyale ya kwanza, na hakuna karatasi yenye jina lake inayomngoja mgeni. Kilichobaki ni kutafuta printa nyingine, kisha kumfuata mtendaji wa kijiji kwa ajili ya sahihi kabla ya siku ya mwisho.

Kitabu hiki kiwekeni karibu na kompyuta, wateja na wenye maduka mkisome pamoja.